Hesabu mizani kwanza: namna ya kuchagua wimbo mwepesi wa Kijapani wa kuimba karaoke

Nilifika Osaka mwezi wa Aprili. Desemba, baada ya karamu ya kufunga mwaka kazini, tulihamia kwenye kile Wajapani wanachokiita nijikai, awamu ya pili ya sherehe, ambayo mara nyingi huangukia karaoke. Nilikuwa nimeusikiliza "Lemon" wa Yonezu Kenshi kwenye treni miezi yote hiyo, asubuhi na jioni, kwa hiyo niliuchagua bila kusita. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, sauti ya chini, taratibu, watu wakitikisa vichwa. Kiitikio kilipofika nikajikuta napayuka kama konda anayeita abiria wa Mbagala, na maneno kwenye skrini yameshanipita nusu mstari. Mwenzangu mmoja alianza kupiga makofi ya kumaliza wakati wimbo bado uko katikati. Ilikuwa huruma, na niliipokea hivyo.

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kuepuka usiku kama ule: aliyepata ufadhili wa kusoma Japani, aliyeko kazini huko na mialiko imeanza kuja, au shabiki wa anime aliyeko Nairobi ambaye bado anaimbia bafuni.

Mtaji ulionao tayari

Kabla ya hatua yenyewe, habari njema. Kijapani kina irabu tano: a, i, u, e, o. Ni zile zile zetu, na zinatamkwa karibu kama tunavyozitamka sisi, isipokuwa u yao ambayo haichongoi midomo sana. Silabi zao nyingi ni konsonanti moja na irabu moja, kama zetu: sa-ku-ra, ka-wa, ha-na. Mzungumzaji wa Kiingereza huhangaika miaka kuacha kuzipinda irabu hizo. Wewe ulizaliwa nazo.

Kuna kubwa zaidi. Kama ulisoma ushairi sekondari, unakumbuka mwalimu akikugongesha meza kuhesabu mizani: nane kwa nane, kumi na sita kwa mshororo. Kijapani huhesabiwa hivyo hivyo. Mashairi yao ya kale yana vipande vya mizani tano na saba, na mpaka leo nyimbo nyingi za zamani zinapanga maneno kwa saba na tano. Katika wimbo wa aina hiyo kila mizani hupewa noti yake moja. Ukijua kuhesabu, umeshaijua nusu ya tuni.

Ndiyo maana kipimo changu cha wepesi wa wimbo ni mizani. Umaarufu, uzuri wa sauti ya mwimbaji, hata kiasi ninachoupenda wimbo wenyewe, vyote huja baadaye.

Hatua ya kwanza: jua mizani ya Kijapani inavyohesabiwa

Mambo matatu yanatosha.

La kwanza, irabu ndefu ni mizani mbili. Hili kwetu si geni: "kaa" ni ka-a, "saa" ni sa-a. Basi jina la mji mkuu wao, Tokyo, ambalo sisi hulitamka To-ki-o, wao huhesabu to-o-kyo-o, mizani nne. Osaka ni o-o-sa-ka. Ukifupisha irabu katika wimbo, utafika mwisho wa mstari mapema kuliko muziki na kubaki umesimama kama aliyeshuka kituo kisicho chake. Hata maana hubadilika: ojisan ni mjomba au baba wa makamo, ojiisan ni babu. Usimwite mjomba wa mtu babu.

La pili, n inayofunga silabi ni mizani kamili. Nihon ni ni-ho-n, tatu. Fikiria m ya "mtu" au n ya kwanza katika "nne": ina mdundo wake bila irabu. Mzungu hulimeza hilo. Mswahili hapaswi kulimeza.

La tatu ndilo jipya kwetu: konsonanti inayorudiwa. Kite ni "njoo", kitte ni stempu ya barua. Kati ya ki na te kuna mizani moja ya kimya, ulimi umeziba, pumzi imesimama. Katika kuimba kimya hicho hupewa nafasi yake, kwa hiyo usikiruke. Piga kofi hata pale pasipo na sauti: ki, kofi, te.

Kisha kuna suala la mkazo. Sisi hukaza silabi ya pili kutoka mwisho bila kufikiri, tunasema saKUra. Wao hawakazi hivyo, silabi zao ni sawasawa na kinachopanda na kushuka ni sauti tu. Ukiimba, fuata tuni ikupeleke, usiisukume silabi yoyote kwa nguvu. Hili lilinichukua muda mrefu kuliko yote.

Sauti chache za kuzoea: tsu, ambayo Mgiriama au Mdigo atakucheka ukiiona ngumu, maana kwao ardhi ni tsi. Fu hutamkwa kwa kupuliza kwa midomo miwili, kama unapoza uji. Na r yao iko kati ya r na l, ncha ya ulimi inagusa mara moja na kuondoka. Kama ulilelewa na bibi asiyetenganisha "kula" na "kura", kwa mara ya kwanza maishani hilo ni faida.

Hatua ya pili: ipime sauti yako jikoni

Imba wimbo wa taifa ukiwa unakoroga mchuzi, kwa sauti ya kawaida, bila kujikaza. Angalia wapi koo linaanza kubana upande wa juu, na wapi sauti inapotea upande wa chini. Anza tena juu kidogo. Anza tena chini kidogo. Baada ya mara nne tano utajua eneo lako la starehe. Huhitaji kinanda wala majina ya noti.

Jambo ambalo wengi hawaambiwi: waimbaji wanaume wa pop ya Kijapani huimba juu sana. Bendi kama Spitz au Official Hige Dandism, mwanamume wa kawaida mwenye sauti ya kifua kama zetu hawafikii bila kujiumiza. Ila wanawake wengi wanaweza kuziimba nyimbo hizo bila kubadili chochote. Na kinyume chake, baadhi ya waimbaji wanawake huimba chini kiasi kwamba mwanamume akishuka oktevu moja, yaani akaimba tuni ile ile ngazi nzima ya noti chini, na kupandisha kidogo mashine, anatulia kabisa. Usichague kwa jinsia ya mwimbaji.

Hatua ya tatu: pima kasi kwa mguu

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote, na hakihitaji kujua Kijapani.

Weka wimbo. Gonga mguu kwa mdundo wa ngoma, ule unaokuja wenyewe. Kila mguu unapogusa sakafu, sikiliza mwimbaji anatamka mizani ngapi kabla haujagusa tena. Moja au mbili: wimbo ni mwepesi, endelea. Tatu: unawezekana kwa mazoezi ya wiki kadhaa. Nne mfululizo, mstari baada ya mstari: achana nao, hata kama tuni yake imekukaa kichwani.

Kwa kipimo hiki "Yoru ni Kakeru" wa YOASOBI, uliotoka mwishoni mwa 2019, unaanguka mara moja. Maneno yanamiminika kama mpunga kwenye gunia lililotoboka, nafasi ya kuvuta pumzi ni chache, na mwisho kii, yaani kimo cha sauti cha wimbo mzima, inabadilika. "Gurenge" wa LiSA, wa mwaka huo huo, ni hivyo hivyo, na juu yake unahitaji kifua. Wapenzi wa anime huupenda kuliko maelezo. Najua. Jaribu peke yako kwanza.

Baada ya kugonga mguu, chukua maneno ya kiitikio na uyaseme tu, bila tuni, kwa kasi ile ile ya wimbo. Kama huwezi kuyasema, hutaweza kuyaimba, maana kuimba ni kuyasema pamoja na kazi nyingine tatu juu yake. Usiku ule wa Desemba sikuwa nimewahi kuyasema maneno ya wimbo wangu hata mara moja. Nilikuwa nimeyasikia tu.

Hatua ya nne: chungulia mitego

Wajapani huugawa wimbo wa pop hivi: A mero, ubeti wa kwanza, B mero, kipande kinachojenga, sabi, kiitikio. Ukisema sabi mbele ya Mjapani ataelewa papo hapo. Nyimbo nyingi hudanganya kwenye A mero, kwa sababu huwa ya chini na ya polepole. Kwa hiyo anza kusikiliza kutoka kwenye sabi. Kama sabi ya kwanza inakubana, usihangaike na mengine.

Kisha nenda moja kwa moja kwenye dakika ya mwisho. Watunzi wao wana tabia ya kupandisha kii kwenye sabi ya mwisho, nusu hatua au hatua nzima. Uliyeifikia noti ya juu kwa shida mara mbili, mara ya tatu inakuwa juu zaidi, na umeshachoka. Angalia pia kama kuna sehemu ambapo ala zote zinanyamaza na sauti inabaki peke yake. Hapo hakuna pa kujificha.

Mtego wa mwisho ni ruka ya ghafla kutoka sauti ya kifua kwenda sauti nyembamba ya kichwa. "Shima Uta" wa The Boom, kutoka mwaka 1992, una mahadhi ya Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, na mwendo wa pole, ukiusikia utadhani ni mwepesi kama wimbo wa kubembeleza mtoto. Sabi yake inapanda mahali ambapo wanaume wengi hupasuka sauti. Mizani yake ni rahisi, milima yake si rahisi.

Hatua ya tano: nyimbo zenyewe

Sikupi orodha ya hamsini. Nakupa zile nilizoziimba au kuziona zikiimbwa na watu wasio waimbaji, zikapita salama.

Anza na "Ue o Muite Arukō" wa Sakamoto Kyū, wa mwaka 1961. Maneno ni ya Ei Rokusuke, muziki wa Nakamura Hachidai. Mwaka 1963 ulishika namba moja Marekani, katika chati ya Billboard, ukiwa kwa Kijapani, lakini huko waliupa jina la chakula, "Sukiyaki", ambalo halihusiani hata kidogo na mtu anayetembea akitazama juu ili machozi yasidondoke. Ni kama taarabu ya mapenzi ipelekwe Ulaya iitwe "Biriani". Kwa anayeanza, wimbo huu ni mwalimu. Unakwenda kwa mwendo wa kutembea, kila mizani ina noti yake, na katikati kuna sehemu ya kupiga mluzi, maana yake unapumzika huku watu wakikushangilia. Onyo moja: Sakamoto alikuwa na namna yake ya kuivunja irabu moja vipande vipande. Usimuige. Iimbe ikiwa nzima. Na kwa kuwa mjukuu na babu wote wanaujua, hautakosa sauti za kukusindikiza.

Kwa kundi la watu wa makamo, "Sekai ni Hitotsu Dake no Hana" wa SMAP, singo ya 2003, mtunzi Makihara Noriyuki. Uliimbwa na wanaume watano kwa pamoja, kwa sauti moja, na wimbo unaoimbwa na watu watano wasio na sauti sawa hauwezi kwenda juu sana wala chini sana. Hiyo ni kanuni ya kukumbuka popote: nyimbo za makundi makubwa, zinazoimbwa kwa sauti moja, huwa nyepesi kuliko za mwimbaji mmoja mwenye kipaji.

Kanuni hiyo hiyo inakupeleka kwa AKB48, kundi kubwa la wasichana. "Koi Suru Fortune Cookie", ya mwaka 2013, ina mdundo wa disko la zamani na ngoma ya mikono ambayo Japani nzima ilijifunza: makampuni, na hata wafanyakazi wa serikali ya mkoa wa Kanagawa, walijirekodi wakiicheza. Kama sauti itakusaliti, mikono itakuokoa. Mwanamume asiogope kuuimba. Karaoke ya Japani haijali hilo, na bosi mwenye kitambi akicheza ngoma ya wasichana ndiyo furaha ya usiku.

Kwa kijana, "Marigold" wa Aimyon, wa mwaka 2018. Dada huyu wa Nishinomiya, si mbali na Osaka, huimba kwa sauti ya kati, karibu na ya kuzungumza. Kuna mistari inayokaza mizani kidogo kwenye ubeti, lakini sabi imenyooka. Ukichagua wimbo mmoja tu wa karne hii, chagua huo.

Kwa mwanamke mwenye sauti nzito, "Ito" wa Nakajima Miyuki, uliotoka kwenye albamu mwaka 1992 na baadaye kuwa wimbo wa harusi kote nchini. Unazungumzia nyuzi mbili zinazofumwa kuwa kitambaa. Ni wa taratibu sana, na hapo ndipo kazi yake: pumzi. Wimbo wa polepole unakusamehe matamshi, haukusamehi mapafu. Weka alama za kuvuta pumzi mapema, kama msomaji wa kaswida anavyojua wapi atatua.

"Nada Sōsō" nao ni wa taratibu, na jina lake ni la lugha ya Okinawa, machozi yatiririkayo. Maneno aliandika Moriyama Ryōko akimkumbuka kaka yake aliyefariki, muziki ni wa bendi ya BEGIN, na Natsukawa Rimi ndiye aliyeufanya uimbwe kila mahali kuanzia 2001. Mwepesi kwa ulimi, mzuri kwa sauti yoyote ikishushwa kii. Ila usiulete saa tano usiku watu wakiwa wamesimama juu ya viti. Utawaketisha wote.

Huna sauti kabisa? Usijidharau. "Linda Linda" wa The Blue Hearts, wa 1987, unaanza kwa upole mistari michache halafu unalipuka, na sehemu kubwa ya mlipuko ni kurudia jina la wimbo huku ukiruka. Niliwahi kumwona fundi mmoja ambaye hakuzungumza karamu nzima akiimaliza sauti yake yote hapo.

Na kama Kijapani chako bado ni cha salamu tu, kuna nyimbo za watoto. "Sanpo", wimbo wa kufungulia filamu ya Totoro ya mwaka 1988, ni wa kuandamana, mizani wazi kabisa, na hakuna mtu mzima wa Japani asiyeujua. Tahadhari moja kwa msomaji wa Kiswahili: nyimbo za watoto zimejaa wanyama, na dubu kwa Kijapani ana jina ambalo huwezi kulitamka mbele ya mkweo. Soma maneno nyumbani kwanza, ucheke umalize, ndipo uingie chumbani.

Hatua ya sita: maneno

Watu wengi huandika maneno kwa herufi za Kilatini na kuyakariri. Inafaa kwa wimbo mmoja. Mashine nyingine zina chaguo la kuonyesha herufi hizo kwa baadhi ya nyimbo, lakini usitegemee utalikuta kwa wimbo wako. Ushauri wangu ni kujifunza hiragana. Herufi za msingi ni 46 tu, na kwenye skrini hata maneno ya kanji, herufi zenye asili ya Kichina, huwekewa hiragana ndogo juu yake, kwa hiyo ukizijua hizo unaweza kusoma sehemu kubwa ya nyimbo nyingi bila kuelewa hata neno. Karibu kila herufi ni mizani moja, isipokuwa ya, yu na yo zikiandikwa ndogo, ambazo huungana na herufi iliyotangulia, kama katika kyo. Unaona? Skrini yenyewe inakuhesabia.

Ukisoma kwa Kilatini, kumbuka kuwa kuna maandishi yanayofuata herufi badala ya matamshi. "Wo" peke yake huimbwa o. "Ha" ikisimama kama neno dogo la kuunganisha huimbwa wa, na "he" huimbwa e. Nayo u katika maneno kama suki karibu imezwe ukizungumza, lakini wimbo ukiipa noti, iimbe.

Jua pia maana ya wimbo, japo kwa muhtasari. Nimehudhuria harusi ambapo mgeni mwenzetu aliimba kwa hisia zote wimbo wa kuachana.

Hatua ya saba: ndani ya chumba

Mashine ya kwanza ya karaoke inayojulikana zaidi ilitengenezwa na mpiga muziki Inoue Daisuke huko Kobe mwaka 1971, kwa ajili ya wateja wa baa waliotaka kuimba bila yeye kuwepo. Jina ni kara, tupu, na oke, kifupi cha okestra. Vyumba vya faragha vilikuja katika miaka ya 1980, vya mwanzo Okayama vikiwa makontena ya mizigo yaliyogeuzwa. Vyumba hivyo ndivyo vinavyokufaa wewe: hakuna mgeni anayekusikiliza.

Mapokezi watakuuliza mko wangapi, mtakaa muda gani, na pengine aina ya mashine. Kubwa ni mbili, DAM na JOYSOUND. Kwa nyimbo nilizozitaja, yoyote inatosha. Malipo mara nyingi huhesabiwa kwa mtu kwa nusu saa, mchana wa siku za kazi ni nafuu na usiku wa Ijumaa na Jumamosi ni ghali. Mara nyingi lazima uagize angalau kinywaji kimoja. Kama unataka kufanya mazoezi, nenda peke yako mchana. Wana jina lake, hitokara, na hakuna atakayekushangaa.

Ndani kuna tableti ya kuchagulia. Tafuta kwa jina la wimbo au la mwimbaji, bonyeza yoyaku, wimbo unaingia foleni. Kabla ya maneno kuanza, shughulikia kii. Kwa bahati neno ni lile lile, kii, na wao pia huliita hivyo. Shusha hatua mbili, sikiliza, shusha mbili tena kama bado. Hatua kumi na mbili za mashine, kila moja ikiwa nusu hatua ya muziki, zinakurudisha ulipoanza, oktevu nzima, kwa hiyo mwanamume anayehangaika na wimbo wa mwanamke, ukishashusha tano sita bado huoni nafuu, jaribu kupandisha badala yake na uimbe oktevu ya chini. Siku ya kwanza nilipogundua hili nilikasirika kwamba hakuna aliyeniambia.

Acha ile sauti hafifu inayopiga tuni nyuma yako, wanaiita gaido merodi. Ndiyo fimbo ya kutembelea. Mwangwi wa maiki ongeza kidogo, si sana, usije ukasikika kama mnadi wa stendi.

Mashine itataka kukupa alama. Zima. Alama hutoka zaidi kwa kulenga noti kama ilivyochorwa kwenye skrini, na anayeanza akiitazama mistari ile huacha kuimba na kuanza kufukuza nukta.

Adabu za foleni

Weka wimbo mmoja, subiri zamu izunguke, weka mwingine. Mwenzako akiimba, usizame kwenye tableti kutafuta wa kwako, hata kama wote wanafanya. Chukua matari yaliyopo mezani, upige kwa mdundo, na ukiwa huna uhakika wa mdundo piga makofi.

Kila mtu ana wimbo wake wa kujivunia, wanauita jūhachiban, "namba kumi na nane", jina lililotokana na michezo 18 ya kabuki, tamthilia ya jadi ya Kijapani, ya ukoo wa waigizaji wa Ichikawa. Ukishajua wa bosi ni upi, usiuguse. Mwache auombe, umpigie makofi.

Ukiona wimbo umekushinda, bonyeza ensō chūshi baada ya sabi ya kwanza, useme wan korasu, yaani nimeimba kipande kimoja. Ni jambo la kawaida, na watu watashukuru kwa muda mliookoa.

Dakika kumi hivi kabla ya muda kwisha simu ya ukutani italia. Aliye karibu na mlango ndiye huipokea, na swali ni moja tu: enchō, mnaongeza muda? Kama hamwongezi, ingiza wimbo wa mwisho papo hapo kabla simu haijawekwa chini, uwe ule ambao chumba kizima kinaujua, maana foleni ikiwa na nyimbo tatu na dakika zimebaki nane, ni wa kwako utakaokatwa.